Niliambiwa mtu wa damu yangu anavuka maji kuja kunifunga, nkachoma leso. Sasa sijui nlisikiliza roho gani (uzi mrefu, vumilieni)

Mitumba_Kongowea:
Bwana asifiwe wadau, na wasio wa kwetu pia hamjambo. Naleta hili hapa kwa sababu kanisani nkisema ntaonekana nimerudi nyuma, na nyumbani nkisema ntachekwa mpaka krismasi.

Mie nauza nguo za watoto Kongowea, nakaa Kisauni. Kanisa langu ni yale ya zamani, nyimbo za kitabu, mahubiri mafupi, watu wanasalimiana nje alafu kila mtu na njia yake. Mwaka jana biashara ililala, yaani unafungua bale (furushi la mitumba) unapata nguo za baridi kali, nani atavalisha mtoto koti la manyoya Mombasa hii. Jirani yangu wa meza akaniingiza grupu la maombi la WhatsApp. Mtumishi mwenyewe simjui uso, najua sauti tu. Saa tisa usiku inatumwa sauti ya maombi, mnaomba, mnaandika amina. Na nisiwe mnafiki, yalinisaidia. Nlikua sijaamka kuomba tangu mamangu azikwe.

Mwezi wa pili nkatumiwa ujumbe peke yangu, inbox. Ati "naona mwanamke wa damu yako, anavuka maji kuja kwako, amekupa kitambaa, na hicho kitambaa ndicho kimefunga riziki yako". Wadau mwili ulikufa ganzi. Dadangu mkubwa anakaa Mtongwe, kuja kwangu huvuka feri. Na baada ya arobaini ya mama alinipa leso, imeandikwa NANI KAMA MAMA. Huyu mtu angejuaje?

Nkaambiwa nisimwambie mtu, nisiongee na dada maana sauti yake ndio kamba yenyewe, kitambaa nkichome kabla jua halijazama, nitume picha. Na mbegu, yaani sadaka ya kumtumia, shilingi 333 ya Yeremia 33:3, baadae ikawa 3,330 kwa sababu eti kifungo ni cha ukoo.

Nkaichoma uani kwa jiko la makaa. Haikushika haraka, ilikua na unyevu wa kuanikwa, ikawa inatoa moshi tu huku naipuliza kama napika. Maandishi yakaliwa kutoka kulia, MAMA ikaenda, KAMA ikaenda, ikabaki NANI. Nkapiga picha hivohivo nkatuma.

Wiki hiohio nkafungua bale nkakuta jaketi nyepesi na magauni mazuri, mengine na lebo zake, siku mbili nimemaliza. Nkasema basi ni Mungu. Simu za dada nkaacha kushika. Miezi minne. Mtoto wake kabatizwa sikwenda.

Juzi mwanangu kaniuliza, mama, kwani mama mkubwa alifanya nini? Nkafungua mdomo nkakosa cha kusema. Sina hata kosa moja la kumtajia mtoto. Hapo ndo nkaanza kuogopa.

Sasa swali langu, lile neno lilikua kweli au sio? Maana kama ni uongo mbona alijua, na kama ni kweli mbona sina amani. Msinitusi tafadhali.

Fundi_Simu_MwembeTayari:
Dada pole sana. Mie sijui mambo ya roho najua simu. Swali la kwanza, statasi yako umeiwekea nani aione? Ukiingia grupu la watu mia mbili na watu wanakuhifadhi namba na wewe ukawahifadhi, statasi zako wanaona wote. Umewahi kuweka picha ya huyo dada? au ya leso? au uko feri? Angalia kabla hujasema "angejuaje".

Shangazi_wa_Bombolulu:
Na hata kama hakuona statasi mwanangu. Niambie mwanamke gani wa pwani hana leso aliyopewa na ndugu yake. Na nani hapa Mombasa hana mtu ng'ambo ya Likoni. Hapa kwetu kuambiwa "anavuka maji" ni kama mtu wa Lodwar kuambiwa "naona vumbi". Mimi nina leso nane za kupewa, nichome ipi? 😂 samahani sicheki wewe nacheka hayo maneno, ni mtego umetegwa kwa upana wa mlango

Dereva_Changamwe:
Mnakimbilia kucheka, mie naona hatari ya pili. Mkishamaliza hapa mtasema hakuna unabii kabisa. Mimi nmeokoka kanisa la kipentekoste na neno la unabii limenisaidia mimi mwenyewe. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasimzimishe Roho wala wasidharau unabii, sentensi inayofuata ndio akasema jaribuni mambo yote. Zote mbili ziko pamoja, sura ya 5. Nyie mnachukua ile ya pili mnaacha ya kwanza.

Mitumba_Kongowea:
@Fundi nimeangalia. Nliweka. Mwezi wa kwanza, tuko kwenye feri, dada kajifunga hio leso kiunoni maana nguo yake ilichafuka na maji ya samaki, nkaandika "na dadangu wa Mtongwe 😍". Nmekaa chini.

Lakini bado @Fundi, ile bale ilifunguka kweli. Hio hakuiona kwa statasi.

Fundi_Simu_MwembeTayari:
Bale ni bahati nasibu dada, wewe unajua kuliko mimi. Umefungua ngapi mbaya kabla ya hio? Ilikua zamu yako

Mzee_wa_Kengeleni:
Binti yangu, shikamoo zangu kwa wote walionitangulia. Mimi ni Mwanglikana wa Frere Town, babu wa babu yangu alikua katika wale watumwa waliokombolewa baharini wakaletwa hapa baada ya kijiji kuanzishwa 1875. Nitaandika pole pole, macho yangu na hii simu hayapatani.

Suala la bale nakuomba usilipuuze na usiliamini. Soma Kumbukumbu la Torati 13, mwanzo kabisa. Pale Musa anasema akitokea nabii akatoa ishara, na ile ishara IKATIMIA, alafu akakwambia twende tufuate miungu mingine, usimsikilize. Ona vile andiko halisemi ishara ilikua ya uongo. Inasema imetimia. Kwa hivyo kutimia sio kipimo cha mwisho. Ukifika sura ya 18 utakuta ile nyingine, neno lisipotimia basi Bwana hakulinena. Watu wanashika hio ya 18 peke yake, wanasema limetimia basi ni la Mungu. Hapana. Lisipotimia umeshajua, likitimia bado hujajua, inabidi utazame limekupeleka wapi.

Alafu kuna yule kijakazi wa Filipi, Matendo 16. Alikua na pepo wa uaguzi, mabwana zake wanapata faida nyingi. Akawa anamfuata Paulo akipiga kelele kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu wanawahubiri njia ya wokovu. Sasa niambieni hapo uongo uko wapi. Kila neno kweli tupu. Na bado Paulo akaudhika akamkemea yule pepo, na alifanya hivyo baada ya siku nyingi, hakurukia siku ya kwanza. Mimi nilikua nikisoma hapo kijana najiuliza, mbona anakataa kutangazwa bure? Sasa hivi nimezeeka naona. Ukimkubali akisema kweli leo, kesho akisema la uongo utakua umeshamzoea sauti.

Kwa hio jibu la "angejuaje" ni kwamba hata tukisema alijua kwa njia isiyo ya simu, bado haijathibitisha kitu.

BintiKibokoni:
Assalam aleykum, mimi Muislamu napita tu lakini uzi umenishika. Kwetu pia wapo, msidhani ni nyinyi peke yenu. Shoga yangu aliambiwa hivohivo na mganga wa kuandika kombe, mke mwenza wa mamake ndio mbaya wake. Mambo ni yaleyale, jina la ndugu, siri, na pesa kwa vidogo vidogo. Nyanyangu akisema mganga akikwambia ni jirani amekosea, akikwambia ni ndugu amekupata. Haya narudi zangu.

Dereva_Changamwe:
@Mzee_wa_Kengeleni shikamoo mzee, hapo nakubali. Wacha nieleze yangu ndio muone sipingi tu.

2019 nlikua na karatasi zote za kwenda kuendesha gari Saudia. Ajenti kalipwa nusu. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mzee wa maombi, akaniita baada ya ibada akaniambia mbele ya mke wangu, "mwanangu moyo wangu una uzito juu ya safari yako, sijui ni mimi au ni Bwana, omba na mkeo, alafu waulize wazee wawili usiwaambie mimi nimesema nini". Mnaona hapo? Sijui ni mimi au ni Bwana. Hakuniambia usiende. Hakuniomba hata shilingi ya chai. Nkauliza, mzee mmoja akasema nenda, wa pili akasema ngoja usome mkataba na mtu anaejua Kiarabu. Nkasomewa na jamaa wa Majengo, kumbe mshahara ni nusu ya tulioambiwa na pasi inakaa kwa mwajiri. Sikwenda.

Sasa hio mimi naita unabii. Paulo aliwaandikia Wakorintho manabii wanene wawili watatu na wengine wapambanue. Yaani aliyetoa neno anakaa chini anapimwa. Nabii wa inbox nani atampima, mko wawili tu na yeye ndio admini.

Shangazi_wa_Bombolulu:
"sijui ni mimi au ni Bwana" hio nmeipenda nitaiandika ukutani

Mkatoliki_wa_Makupa:
Naongeza kitu kutoka upande wetu. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, kabla hajawa mtu wa dini alikua askari, 1521 akavunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona Uhispania. Akalala kitandani miezi, akaomba vitabu vya mashujaa wa vita akakosa, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa anaota mchana mambo mawili, siku nyingine anawaza ushujaa na kumpendeza mwanamke fulani mkubwa, siku nyingine anawaza kuishi kama watakatifu. Yote mawili yalimpa raha akiyawaza. Tofauti aliigundua BAADAE. Ya kwanza yakipita anabaki mkavu, ya pili yakipita bado ana furaha. Kutoka hapo ndo akaja kufundisha kupambanua roho, watu wanaenda mafungo kwa hayo mpaka leo.

Sasa wewe dada umesema kitu mwenyewe hujaona umekisema. Umeuliza mbona sina amani. Lakini pia kuwa makini, Ignasi huyohuyo alisema mtu anaejitahidi kwenda kwa Mungu, roho mbaya humsumbua kwa kumtilia wasiwasi na vizuizi, na mtu anaekwenda kombo humbembeleza. Kwa hio kukosa amani peke yake sio jibu, angalia ulikua unaelekea wapi. Mie naona ulikua unaelekea kumchukia dadako na kila kitu kilikua laini kama siagi, bale inafunguka, mbegu inatoka, mpaka mtoto akauliza swali. Lile swali la mtoto mie ndio naliona kama neno la kinabii kwenye huu uzi wote.

Jamaa_wa_Mikindani:
Nyie mnaongea ya kitheolojia, mie nasema Shakahola. Ni hapa tu Kilifi, kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri mmoja ilifukuliwa msituni. Mambo ya korti tuachie korti. Lakini kwa yale yaliyoripotiwa watu hawakuamka siku moja wakaambiwa msile. Ilianza watoto watoke shule, shule ni ya dunia. Alafu hospitali, dawa ni kukosa imani. Alafu uza mali. Alafu hama uache jamaa zako. Njaa ilikuja mwisho, wakati hakuna tena binamu wala mwalimu wala daktari wa kukwambia wewe unakonda. Huyu dada alikua ameshakatwa kamba moja, ya dada mkubwa. Ingefuata nani?

Mitumba_Kongowea:
@Jamaa umenitisha lakini asante. Iliyofuata ilikua kanisa. Nlishatumiwa kwamba "kanisa lako limekufa, malaika wake ameondoka". Sikutoka tu kwa sababu nadaiwa zamu ya kupanga maua mpaka mwezi wa kumi na mbili 😅

Mzee_wa_Kengeleni:
Maua yamekuokoa binti yangu.

Nina jambo moja na nitakua mkali kidogo unisamehe, ni kama nasema na mwanangu. Wote hapa wamekwambia ulidanganywa, na fundi amekuonyesha mlango alioingilia mwizi. Sawa. Lakini mlango ulifunguliwa na nani? Uliambiwa dadako amekufunga, na jua halijazama leso iko motoni. Kwa nini haraka hivyo? Ungeambiwa ni mwanao wa kukuzaa ungeamini siku hiohio?

Mitumba_Kongowea:
Mzee nimekaa na hili swali tangu asubuhi, wateja wananiuliza bei nawajibu vibaya.

Nlikua na kinyongo. Kabla ya grupu, kabla ya yote. Zamu yangu ya chama cha familia, shilingi 18,000, dada aliichukua akalipia mochari ya mama bila kuniuliza. Alisema atarudisha. Hakurudisha. Na nlikua naona haya kumdai kwa sababu ni pesa ya mama, unamdai vipi mtu pesa ya maziko. Kwa hio ile siku naambiwa mwanamke wa damu yako amefunga riziki yako, kusema ukweli wa Mungu, kuna sehemu ndani ilifurahi. Nlijisikia kama mtu amenipa ruhusa.

Mkatoliki_wa_Makupa:
Hapo dada umeandika kitu ambacho wengi hatuandiki hata kwa kitubio.

Shangazi_wa_Bombolulu:
Yaani unabii ulikuta kiti kishapanguswa vumbi, ukaketi

Dereva_Changamwe:
Na ukiangalia hapo ndio utaona kipimo rahisi kuliko vyote, hakihitaji hata Kigiriki. Mathayo 18:15, ndugu yako akikukosea nenda ukamwonye, wewe na yeye mkiwa peke yenu. Hio ni amri ya Yesu mwenyewe iko wazi. Wewe ukaambiwa usiongee nae. Neno jipya likipinga neno ambalo tayari unalo, huna haja ya kufunga siku tatu kuuliza. Kuna yule mtu wa Mungu wa 1 Wafalme 13, aliambiwa na Bwana usile mkate huko wala usinywe maji, akaja nabii mzee akamwambia malaika amesema nami, rudi ule kwangu. Akarudi. Simba akamuua njiani. Kinachoniuma kwenye hio hadithi aliyemdanganya alikua nabii, sio mpagani. Na yule mtu wa Mungu huenda alikua na njaa, aliambiwa kitu tumbo lake linataka.

Mzee_wa_Kengeleni:
Vizuri kijana. Na wale wa pesa, kuna mafundisho ya zamani ya wakristo wa mwanzo yanaitwa Didake, karibu na wakati wa mitume. Yanasema mtume akija mpokeeni, akikaa siku tatu huyo ni nabii wa uongo, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Walikua hawana WhatsApp lakini walikua wameshawaona.

Nikimaliza, hii kengele yetu ya Kengeleni mnaipita kila siku na matatu. Wazee walitwambia ilikua ikipigwa wakionekana wafanya biashara ya watumwa wanakuja, watu wajifiche. Ingekua inapigwa kila usiku saa tisa watu wangezoea wakalala nayo, au wangekua wendawazimu. Grupu lako lilikua linapiga kengele kila siku, mbaya ni huyu, mbaya ni yule, na mfanya biashara mwenyewe ndio ameshika kamba ya kengele.

Jamaa_wa_Mikindani:
😳😳 mzee

Muuza_Kahawa:
me naombea hao wote wanaotuma zile "tuma kwa watu 10 upate muujiza kabla ya saa sita" nao wafikiriwe kwenye huu uzi, shemeji yangu kanimalizia bando

Mitumba_Kongowea:
Nimerudi wadau. Jumamosi nlifunga meza mapema nkashuka Likoni. Feri ilijaa, nimesimama katikati ya mikokoteni na mtu ana kuku, nkawa najaribu maneno ya kumwambia, kila nkipanga yanapotea. Nkashika matatu ya Mtongwe.

Nlimkuta anakuna nazi. Hakuinuka. Akasema tu "karibu, kaa hapo kwenye kigoda kingine, hicho mguu umelegea". Nkamwambia yote. Grupu, inbox, 3,330, leso, picha. Na nkamwambia ya chama pia, maana nlisema nkificha hio nimekwenda bure. Alikuna nazi mpaka ikaisha kifuu kikawa kinalia. Alafu akaniuliza, "ulichoma yote?"

Nkasema yote.

Akaingia ndani akatoka na mtoto mgongoni, amefungwa NANI KAMA MAMA. Nlisahau leso inauzwa vipande viwili. Alikata jozi, kimoja changu kimoja chake. Nkaanza kulia. Nkamwambia dada nipe hicho basi nkae nacho hata wiki moja. Akanijibu, "sikupi. Chako umeshachoma."

Na ya 18,000 kasema atalipa 3,000 kila mwezi kuanzia huu unaokuja, nkamwambia andika, akaandika nyuma ya daftari la shule. Sijui kama tumesameheana. Tumekula wali wa nazi na papa, nkaondoka na feri ya saa mbili.

Shangazi_wa_Bombolulu:
Sikupi 😂😂😂 huyo ni dada mkubwa wa kweli, sina swali tena

Dereva_Changamwe:
Bwana apewe sifa. Na kwa grupu umetoka?

Mitumba_Kongowea:
Nimetoka jumapili usiku. Asubuhi nakuta nimerudishwa. Nkatoka tena, nimerudishwa tena na ujumbe "roho ya kukimbia imekukamata".

Fundi_Simu_MwembeTayari:
Enda mipangilio, faragha, alafu vikundi, chagua wanaoweza kukuongeza ni watu uliohifadhi namba zao tu, na hio namba ya mtumishi uifute kwanza ndio uiblok. Ukishindwa pita hapa kibandani, sikutozi. Na yule jirani yako wa meza mwambie nae aje.